Kisiwa Kisicho na Wenyeji: Maandalizi ya Visiwa vya Meli za Kitalii Dhidi ya Vimbunga Nchini Bahamas

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Katika visiwa vya Bahamas, dalili ya kimbunga si mawingu pekee. Huenda ikawa ni meli ya watalii iliyotarajiwa kufunga gati alfajiri, ikakosa kutokea hata jua likapanda. Meli hiyo haijapotea. Nahodha wake amekwisha kugeuza usukani siku moja au mbili kabla, akaelekea upande ambako bahari ni shwari. Kisiwa alichokikwepa, hata hivyo, hakina usukani. Hakina budi kukikabili kimbunga pale pale kilipo.

Makala haya yananuia kueleza namna kisiwa binafsi cha mapumziko, yaani kisiwa kinachomilikiwa au kukodiwa na kampuni ya meli za kitalii, kinavyojiandaa kwa kimbunga. Mifano imetolewa nchini Bahamas, hususan kisiwa cha Castaway Cay, na Kimbunga Dorian cha mwaka 2019 ndicho kielelezo kikuu. Hoja ya makala ni kwamba maandalizi ya visiwa hivi, ambayo kwa kweli ni ya kupigiwa mfano, yanasimama juu ya sharti moja ambalo wakazi wa visiwa jirani hawana: uwezo wa watu wote kuondoka.

Visiwa vya Kampuni na Majina Yake

Bahamas ni taifa la visiwa na vijisiwa takriban 700 vilivyotawanyika kusini-mashariki mwa jimbo la Florida, Marekani. Vingi havikaliwi na watu. Mnamo mwaka 1977 kampuni ya Norwegian ilianza kukitumia kisiwa cha Great Stirrup Cay, na kuanzia hapo desturi ya kampuni ya meli kuwa na kisiwa chake ikaenea. Royal Caribbean ilikitwaa kisiwa jirani cha Little Stirrup Cay na kukiita CocoCay. Holland America ilinunua Little San Salvador mwaka 1996, nacho kikabatizwa Half Moon Cay. Disney nayo ilikodi Gorda Cay kutoka kwa serikali ya Bahamas, ikakipa jina la Castaway Cay na kuanza kupokea wageni mwaka 1998.

Msomi wa lugha hatakosa kutambua kwamba katika mingi ya mifano hiyo jina la kisiwa lilibadilishwa. Jina la zamani lilikuwa la mabaharia na wavuvi. Jina jipya ni la tangazo la biashara. Mabadiliko hayo hayakuishia kwenye ramani. Pale Castaway Cay, mfereji ulichimbwa ili meli kubwa ifike hadi gatini bila kuhitaji mashua za kuwavusha abiria. Fukwe zilipanuliwa, migahawa ikajengwa, na njia za baiskeli zikatengenezwa. Sehemu kubwa ya kisiwa, hata hivyo, iliachwa kuwa kichaka.

Utaratibu wa maisha katika visiwa hivi ni wa aina yake. Meli hufika asubuhi ikiwa na maelfu ya abiria, nao hushinda ufukweni na kurejea melini kabla ya jua kutua. Wanaolala kisiwani ni wafanyakazi tu: wapishi, mafundi wa mitambo, watunza bustani, manahodha wa mashua na waokoaji. Chakula, vipuri na mafuta huletwa kwa vyombo vya baharini, na taka nyingi huondolewa kwa njia iyo hiyo. Kisiwa cha namna hii kina shughuli nyingi lakini hakina wenyeji. Hakina shule, wala makaburi ya mababu, wala mzee wa mtaa. Jambo hili ndilo ufunguo wa kuelewa maandalizi yake.

Kimbunga na Msamiati Wake

Inafaa ieleweke kwamba kile Waingereza wanachokiita kwa majina matatu tofauti, kutegemea bahari kinamotokea, Kiswahili hukiita kimbunga tu. Jina linalotumika katika Atlantiki lilipitia kwa Wahispania, waliolipata kwa Wataino, watu wa asili wa visiwa vya Karibi. Walucaya wa Bahamas walikuwa tawi la jamii hiyo. Katika miongo michache baada ya Columbus kutua mwaka 1492, Walucaya walitekwa na kupelekwa utumwani hadi visiwa vyao vikabaki mahame. Neno lao limebaki katika kila taarifa ya hali ya hewa, ilhali wao wenyewe hawapo. Kiswahili nacho kina tufani, dhoruba na chamchela, kila neno likiwa na kivuli chake cha maana: tufani ikibeba asili yake ya Kiarabu, na chamchela ikitaja upepo wa kuzunguka unaoinua vumbi na majani.

Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la takriban nyuzi 27 za Selsiasi au zaidi. Mvuke hupanda, hupoa na kugeuka maji, na joto linaloachiliwa huongeza kasi ya hewa inayopanda. Mzunguko wa dunia huisokota hewa hiyo hadi ikawa gurudumu lenye jicho tulivu katikati. Vingi vya vimbunga vikali vya Atlantiki huanza kama mawimbi ya hewa yanayotoka bara la Afrika na kuvuka pwani yake ya magharibi. Msimu wake rasmi huanza tarehe 1 Juni na kukamilika tarehe 30 Novemba.

Ukali wa kimbunga hupimwa kwa kipimo cha Saffir-Simpson chenye madaraja matano. Daraja la kwanza huanzia kasi ya upepo ya kilomita 119 kwa saa, na la tano kilomita 252 kwa saa. Kipimo hiki hutaja upepo pekee. Adui mkubwa zaidi wa kisiwa cha chini aghalabu ni maji: bahari husukumwa na upepo, ikajaa na kupanda nchi kavu pamoja na mawimbi juu yake. Mahali ambapo sehemu kubwa ya ardhi imeinuka mita chache tu kutoka usawa wa bahari, hakuna kilima cha kukimbilia.

Maandalizi ya Kabla ya Msimu

Maandalizi ya kweli huanza wakati anga ni buluu. Majengo ya visiwa hivi husimamishwa kwa kuzingatia kanuni za ujenzi za Bahamas, ambazo zinatambua kwamba upepo haulisukumi paa tu bali huling'oa kutoka chini kwenda juu. Kwa hiyo paa hufungwa kwa vyuma hadi kwenye kuta, na kuta hadi kwenye msingi. Jenereta hukaguliwa, akiba ya maji, dawa na mafuta huhesabiwa, na mbao za kuzibia madirisha hukatwa mapema na kuandikwa namba ili kila ubao ujulikane dirisha lake.

Miti nayo haisahauliwi. Minazi hupunguzwa makuti na kuangushwa madafu na nazi, kwa sababu nazi iliyorushwa na upepo wa kimbunga ni kama jiwe la teo. Mvinje, mti unaofahamika sana katika pwani ya Afrika Mashariki, nchini Bahamas huhesabiwa kuwa mgeni msumbufu: mizizi yake haiendi chini sana, hivyo huanguka upesi na kuacha mchanga bila kinga. Kinyume chake ni mikoko na mimea ya asili ya vilima vya mchanga. Mizizi ya mikoko huvunja nguvu za mawimbi, na miamba ya matumbawe huyapunguza makali yake kabla hayajafika nchi kavu. Kisiwa kilichokata mikoko ili kupata ufuo mweupe kimeuza ngao yake kabla ya vita.

Siku Tano za Mwisho

Kituo cha Kitaifa cha Vimbunga cha Marekani, chenye makao yake mjini Miami, hutoa utabiri wa njia ya kimbunga kwa siku tano zijazo. Njia hiyo huchorwa kwa umbo la pia linalopanuka kadiri siku zinavyosonga mbele, maana shaka huongezeka kadiri utabiri unavyokwenda mbali. Angalizo hutolewa saa 48, na onyo saa 36, kabla ya kutarajiwa upepo wa kiwango cha dhoruba, ambao huanzia kilomita 63 kwa saa. Muda huu haukuchaguliwa kiholela. Upepo ukishafikia kasi hiyo, kazi za nje haziwezekani tena: ngazi haisimami, mashua haiendeki na ubao wa dirisha humpokonya fundi mikononi. Maandalizi yote sharti yawe yamekwisha.

Uamuzi wa kwanza huwa ni wa meli. Meli ya kitalii huweza kwenda kasi ya takriban kilomita 37 kwa saa au zaidi, wakati kimbunga katika maeneo hayo mara nyingi husafiri kilomita 15 hadi 25 kwa saa. Meli, basi, ina uwezo wa kukikimbia kimbunga, na ratiba yake hubadilishwa mapema. Abiria aliyetarajia kulala mchangani hujikuta katika bandari ya nchi nyingine. Kwake yeye hiyo ni kero ndogo ya safari. Kwa kisiwa, maana yake ni kwamba mshipa wa ugavi umekatwa: hakuna chakula kipya kitakacholetwa, hakuna taka itakayoondolewa, wala hakuna mikono ya ziada.

Hatua inayofuata ni kuondoa kila kitu kinachoweza kuruka au kuelea. Maelfu ya viti vya ufukweni hukusanywa na kupangwa ndani ya maghala au kufungwa pamoja kwa kamba na minyororo. Miavuli hukunjwa, vitanda vya kamba hufunguliwa mitini, na baiskeli hurundikwa ndani. Vidude vya kuchezea majini vilivyojazwa upepo hutolewa pumzi. Pikipiki za majini na mashua ndogo huvutwa nchi kavu. Vyombo vikubwa hupelekwa penye ghuba iliyokingwa au bandari ya mbali. Kanuni ni nyepesi kuisema: kiti kimoja kilichosahauliwa hugeuka silaha dhidi ya dirisha, na dirisha moja likivunjika upepo huingia ndani na kuliinua paa.

Baada ya hapo hufuata zamu ya mitambo. Matangi ya maji na mafuta hujazwa, kwa kuwa tangi tupu huelea maji yanapopanda ilhali lililojaa hutulia kwa uzito wake. Mashine za kuondoa chumvi katika maji ya bahari huzimwa ili zisimeze mchanga na takataka. Umeme hukatwa sehemu kwa sehemu, na vali za mafuta hufungwa ili bomba likivunjika lisichafue bahari.

Hatua ya mwisho, na iliyo muhimu kupita zote, ni kuwaondoa watu. Mahali penye hatari kubwa, wafanyakazi husafirishwa kwa meli, mashua au ndege hadi mahali salama. Hapa ndipo linapojitokeza suala ambalo orodha ya maandalizi haiwezi kulimaliza. Baadhi ya wafanyakazi wametoka nchi za mbali. Kwao kuhamishwa ni kuokolewa. Lakini wengine ni Wabahama, na familia zao ziko katika visiwa vikubwa vilivyo jirani. Fundi anayepigilia mbao kwenye madirisha ya mgahawa usiokuwa wake anajua kwamba madirisha ya nyumba yake mwenyewe yanamsubiri. Akiondolewa kisiwani, haondoki kwenye njia ya kimbunga. Huenda anarudi nyumbani ndani yake.

Baada ya Upepo Kutulia

Kimbunga kikipita, kisiwa hakifunguliwi kwa kuwa tu jua limewaka. Kwanza hukaguliwa gati na mfereji. Kimbunga huhamisha mchanga kwa wingi wa kutisha, na kina cha maji kilichokuwa salama wiki iliyopita huenda kisiwe salama leo. Wapiga mbizi hutafuta vyuma na magogo yaliyozama, kina hupimwa upya, na maboya yaliyosukumwa hurejeshwa mahali pake. Maji ya kunywa hupimwa, nyaya za umeme hukaguliwa moja moja, na miti iliyoning'inia hukatwa. Mchanga uliorushwa hadi vichakani hurejeshwa ufukweni kwa matingatinga. Kazi hiyo ikikamilika, abiria wa meli ya kwanza huenda wasione dalili yoyote kwamba kimbunga kilipita.

Dorian, 2019: Maandalizi au Bahati?

Kimbunga Dorian kilianza kama wimbi la hewa lililotoka Afrika Magharibi, na kikatambuliwa rasmi tarehe 24 Agosti 2019. Tarehe 1 Septemba kilitua katika kisiwa cha Elbow Cay, mashariki mwa Great Abaco, kikiwa cha daraja la tano na upepo wa kilomita 295 kwa saa. Kisha kilisogea hadi Grand Bahama na kukaa juu yake kwa zaidi ya siku moja, mwendo wake ukiwa polepole kuliko wa mtu anayetembea kwa miguu. Bahari ilipanda zaidi ya mita sita katika baadhi ya maeneo. Idadi rasmi ya waliofariki nchini Bahamas ilizidi 70, wengine wengi hawakuonekana tena, na hasara ilikadiriwa kuwa dola za Marekani bilioni 3.4.

Castaway Cay, kilicho karibu na ncha ya kusini ya Great Abaco, kilipigwa na upepo wa kiwango cha dhoruba tu. Mtu angeweza kuharakisha kusema kwamba maandalizi bora yalikiokoa. Maandalizi yalichangia, lakini ukweli ni kwamba ukuta wa jicho la kimbunga, ambamo upepo huwa mkali kupindukia, ulipita makumi ya kilomita kaskazini yake. Lau njia ya Dorian ingalisogea kusini kidogo, hakuna kamba wala mnyororo ambao ungalikizuia. Tofauti ingalibaki moja: kisiwa kingaliharibika, lakini kisingalizika watu wake.

Kaskazini, katika mji wa Marsh Harbour, hali ilikuwa kinyume. Mitaa ya Mudd na Pigeon Pea, makazi ya mbao ya wahamiaji wenye asili ya Haiti, ilisambaratishwa. Serikali ilikuwa imewahimiza watu wahame, lakini kuhama kunahitaji mahali pa kwenda, nauli, na moyo wa kuacha nyuma kila ulichonacho. Kwa mhamiaji asiye na hati, kwenda katika kituo cha serikali ni kuikimbia hatari moja na kuitazama nyingine usoni. Aidha, lugha rasmi ya Bahamas ni Kiingereza, ilhali wengi wa wakazi hao lugha yao ya kwanza ni Krioli ya Haiti. Onyo lisilofika katika lugha ya msikilizaji, na kutoka kinywani mwa mtu anayemwamini, ni kelele tu.

Haitakuwa haki kutotaja kwamba kampuni za meli zilitoa mchango baada ya maafa hayo. Zilipeleka chakula, maji na vifaa, na baadhi zikaahidi mamilioni ya dola. Meli ya kitalii iitwayo Grand Celebration iliwabeba zaidi ya watu elfu moja kutoka Freeport hadi Florida mnamo Septemba 2019. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba chombo kinachoweza kukwepa kimbunga kinaweza pia kuwabeba walionusurika. Hata hivyo, msaada huo ulikuja baada ya upepo, si kabla yake.

Mafunzo kwa Pwani ya Afrika Mashariki

Msomaji wa Mombasa au Lamu huenda akauliza mambo haya yanamhusu vipi. Ni kweli kwamba pwani ya Kenya iko karibu mno na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuisokota hewa ikawa kimbunga; hivyo vimbunga ni nadra huko. Lakini nadra si muhali. Mnamo Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangamiza mashamba ya mikarafuu pamoja na vyombo vilivyokuwa bandarini. Pemba, iliyosalimika kwa kiasi kikubwa, ikawa tangu hapo kitovu cha zao hilo. Mwaka 1952 kimbunga kilitua Lindi. Mwaka 2019 Idai na Kenneth viliikumba Msumbiji, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia maneno angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa kupambanua ngazi za hatari. Istilahi hizi ni hazina, lakini istilahi hufanya kazi pale tu mvuvi, mchuuzi na mama wa nyumbani wanapojua kila neno linawataka wafanye nini, na kwa muda gani. Hilo ni jukumu la wanalugha sawa na lilivyo la wanasayansi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kisiwa cha meli za kitalii hujiandaa kwa kimbunga kwa mpangilio wa hatua zinazofuatana: majengo imara, ufuatiliaji wa utabiri, kugeuzwa kwa meli, kukusanywa kwa vifaa, kuzimwa kwa mitambo na hatimaye kuondolewa kwa watu. Mengi katika hatua hizo yanaweza kuigwa na kijiji chochote cha pwani: kupogoa minazi, kulinda mikoko, kuandaa mbao mapema, na kumaliza kazi kabla upepo haujafikia kilomita 63 kwa saa.

Lisiloweza kuigwa kwa wepesi ni ile hatua ya mwisho. Kampuni inaweza kukifunga kisiwa na kuondoka kwa sababu hakuna aliyezaliwa pale. Wakazi wa Abaco, sawa na wakazi wa Mafia au Pate, hawawezi kukunja mji wao kama mwavuli wa ufukweni. Kwao tahadhari kabla ya hatari haina budi kumaanisha makazi imara ya kukimbilia, usafiri usiomuuliza mtu hati wala nauli, na onyo katika lugha yao. Serikali inayotoa amri ya kuhama bila kutoa mambo hayo matatu itakuwa imewatangazia watu wake hatari, lakini haitakuwa imewaandaa.